Doa la Farasi wa Kijivu Linamalizwa Usiku

Haya ndiyo niliyosema kwa mkutano wetu wa masaisi, sisi watunzaji wa farasi, kabla ya shoo ya farasi ya Jamhuri. Wengi hamkufika juu ya kazi, mmenitumia meseji mnataka kujua kulisemwa nini, basi nimeandika yote vile yalitoka mdomoni. Zile picha za ukutani nimeruka.

Ndugu zangu masaisi, dada zangu mlio hapa mbele, vijana mlioanza kazi juzi, na mabosi wetu mliokaa kule nyuma karibu na chai, hamjambo? Hiyo sauti ni ya watu wamechoka. Hamjambo? Haya, sasa nimewaskia.

Niulize swali. Nani hapa ana farasi wa kijivu? Inua mkono, usishushe. Sasa nyinyi wenye mikono juu, siku ya shoo ya mwisho mliamka saa ngapi? Saa tisa usiku. Saa tisa na nusu. Huyu anasema hakulala kabisa. Na jirani yako mwenye farasi wa kahawia aliamka saa kumi na mbili, akapiga brashi kidogo, akaketi kwa ndoo akanywa chai akikuangalia wewe ukisugua. Ni haki hiyo? Si haki, lakini ndiyo kazi tumepewa, na mimi sikuja hapa kuwauzia dawa. Nimekuja kusema jambo moja, nitalizunguka zunguka lakini ni hilo hilo: doa la farasi wa kijivu halimalizwi asubuhi na chupa, linamalizwa usiku na uma na wilbaro ya kuzoa mavi. Usiku, ndugu zangu. Usiku.

Tuanze na farasi mwenyewe maana kuna vijana wanafikiri amezaliwa mweupe. Hapana. Anazaliwa mweusi, au kahawia, au mwekundu, halafu kila mwaka nywele nyeupe zinaongezeka mpaka akikomaa anakuwa mweupe pe. Hata wale Lipizzaner wa Vienna kule Austria, wale wanaosimama na miguu ya nyuma na kuruka hivyo hivyo, watoto wao ni weusi. Mwaka 2008 wanasayansi, wakiwemo wa chuo kikuu cha Uppsala nchini Sweden, walitangaza wamepata jeni inayofanya hivyo, kipande kimejirudia ndani ya jeni inaitwa STX17, na wakasema farasi wa kijivu wote wameirithi kutoka kwa babu mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo wewe na sponji yako hapo Karen, Nairobi, saa tisa usiku, unapigana na huyo babu.

Lakini mpasue nywele hapo shingoni uangalie chini. Ngozi ni nyeusi ti. Nywele ndiyo imepoteza rangi, ngozi haijapoteza, na nywele isiyo na rangi yake inaonyesha rangi ya kila kitu kinachoigusa. Yule wa kahawia amelalia mavi yale yale, tena pengine mengi zaidi, ni vile tu hayaonekani! Kwa hiyo msinidanganye ati farasi wa kijivu ni mchafu. Uchafu ni ule ule, huyu wetu ni mkweli tu.

Kijana mmoja hapo nje kabla sijaingia ameniuliza, mzee, kwani doa linaangusha fito, zile miti farasi anaruka? Nikacheka, lakini ni swali la maana, acha nilijibu mbele ya wote. Haliangushi. Kwa kuruka, jaji anahesabu fito zilizoanguka na saa, hahesabu madoa. Desert Orchid, yule wa kijivu wa Uingereza, alishinda mbio za Gold Cup za Cheltenham mwaka 1989 kwa mvua na matope na baridi, na hakuna mtu alimwambia kwanza akaoge. Lakini ukiingia zile klasi za kuonyesha farasi, hapo unadhifu ni sehemu ya kazi, na watoto wa Pony Club, kile chama cha watoto wapanda farasi, wanakaguliwa na kupewa maksi mpaka kwa kwato na nyuma ya masikio. Na hata kwa kuruka, si watu wanaangalia? Milton, yule wa kijivu alikuwa akipandwa na John Whitaker, alichukua fainali ya World Cup ya farasi wa kuruka 1990 na 1991, na wale waliomuona hata wasiojua farasi wanakumbuka weupe wake ukiingia uwanjani. Nyuma ya weupe huo kulikuwa na mtu na ndoo. Jina lake halikutangazwa kwa spika lakini kazi yake ilionekana na uwanja mzima. Sasa hiyo ndiyo kazi yetu.

Sasa tuingie kwa doa lenyewe. Doa ni nini? Watu wengi hapa wanasema doa ni uchafu umeshika. Kama ingekuwa ni kushika tu, si maji yangetoa? Sikizeni vizuri hapa maana ukielewa hii, mengine yote utajiambia mwenyewe.

Nywele ya farasi ukiiweka kwa mikroskopu imefunikwa na vipande vidogo vidogo vimelaliana kama magamba ya samaki. Yakilala vizuri nywele inang'aa na uchafu unateleza. Sasa leta mkojo. Mkojo wa farasi unatoka wa manjano, umekorogeka kidogo juu ya madini ya chokaa yaliyomo, na ukikaa kwa hewa unabadilika unakuwa kahawia, mara nyingine mwekundu kabisa, najua kuna mtu hapa alishapigia daktari wa mifugo simu usiku ati farasi anakojoa damu. Si damu. Ni kemikali iliyomo, inaitwa pairokatekini, ikikutana na hewa inageuka rangi. Hiyo moja. Ya pili, bakteria walio kwa matandiko wanaugeuza mkojo kuwa amonia, ile harufu inakuchoma macho ukifungua mlango asubuhi. Amonia kazi yake ni kuyafungua yale magamba. Mnaona sasa? Kitu kimoja kinafungua mlango, kingine kinaingiza rangi, na mavi mabichi yamebeba rangi ya majani ndani yake nayo inaingia hapo hapo. Yote haya farasi akiwa ameyalalia kwa uzito wa kilo mia tano, kwa joto lake mwenyewe, masaa mawili matatu.

Kwa hiyo doa la nusu saa ni la kupanguza na kitambaa chenye maji. Doa la usiku mmoja linataka sabuni. Doa la wiki mbili liko ndani ya nywele, na hapo hata umwite nani, unachoweza ni kulipunguza na kulificha mpaka nywele hiyo ianguke imee nyingine. Ndiyo maana nasema saa ndiyo adui, si uchafu.

Na farasi analala saa ngapi? Anayejua aseme. Anasinzia amesimama, sawa, hiyo wote tunajua, lakini ule usingizi mzito wa ndoto haupati akiwa wima, lazima ashuke chini, hata kama ni nusu saa tu kwa siku. Na anashuka saa ngapi? Mara nyingi ni baada ya saa sita usiku mpaka kama saa kumi, wakati kumetulia, wewe umelala. Sasa piga hesabu na mimi. Farasi mkubwa anatoa mavi kilo 15 mpaka 20 kwa siku, na mkojo lita 5 mpaka 15. Wewe umezoa mara ya mwisho saa kumi na moja jioni, ukafunga mlango ukaenda. Mpaka saa sita ni masaa saba. Ni karibu theluthi ya mavi ya siku nzima, kilo kama tano hivi, yamemngoja pale chini akitafuta pa kulala! Atalala wapi? Atalala juu yake. Halafu asubuhi unamkasirikia.

Kuna stebo moja nilifanya kazi, sitaitaja, ilikuwa na majike wawili wa kijivu vyumba vimepakana. Bosi mmoja, nyasi zile zile, shampuu ile ile kutoka ng'ambo, chupa moja mnashare. Masaisi wawili. Mmoja alikuwa mzee wa makamo, si mtu wa maneno, kila usiku saa nne alikuwa anatoka na tochi na uma, anaingia kwa yule wake, anatoa mavi, anafunika pale penye mkojo na maranda makavu, anampapasa shingo, anarudi kulala. Haikufika hata kazi ya dakika kumi. Mwingine alikuwa kijana hodari sana wa kuosha, mikono yake ilikuwa na nguvu ajabu, alikuwa anaamka saa tisa usiku na kusugua mpaka jasho linamtoka kwenye baridi ya Julai. Sasa mkija asubuhi, ni jike gani alikuwa mweupe? Mnajua jibu. Yule kijana alikuwa anasugua goti la nyuma la farasi mpaka ngozi inawasha na farasi ameanza kumrushia teke, lakini ile njano ya mviringo bado iko pale, na yule mzee anapitisha kitambaa tu. Na bosi alifanya nini? Akaagiza chupa ingine. Ya bei zaidi!

Mabosi, msicheke peke yenu, hapa nakuja kwenu. Kwa heshima, mimi nawasema mbele ya vijana kwa sababu hawa hawawezi kuwasema. Ile pesa ya chupa ya shampuu ya zambarau, chukueni nusu yake mnunue maranda. Kitanda kiwe kirefu, sentimita kumi na tano baada ya kukanyagwa, na kando kwa kuta kiinuke juu, ili mkojo ushuke chini na farasi alale juu penye ukavu. Kitanda chembamba cha kuona simiti chini yake hakiwezi kusaidiwa na shampuu yoyote duniani. Na ya pili, kama mnataka saisi aingie saa nne usiku, hiyo saa nne ilipwe. Si ati ni roho nzuri. Ilipwe. (Hapa walipiga makofi mpaka nikangoja. Mabosi wawili walipiga pia, nawashukuru.)

Chakula nacho kiangaliwe. Farasi anayekula lusani bichi nyingi anatoa mavi laini ya kijani kibichi, na hayo yanashika kuliko yale makavu ya nyasi kavu ya boma rhodes. Lakini tafadhali, usisikie hapa halafu ubadilishe chakula siku mbili kabla ya shoo, utapata farasi msafi mwenye kolik, yaani tumbo linamsokota. Ubadilishaji wa chakula ni pole pole, na ni wa kuongea na mwenye farasi. Mimi nimesema tu ujue.

Mkia pia, sukeni singa, ingizeni kwa mfuko wa kitambaa, mfunge chini ya mfupa wa mkia, usikaze juu ya mfupa maana damu lazima ipite. Nywele za mkia ndizo ndefu na ndizo za zamani zaidi kwa mwili wote, ile ncha imekaa na farasi miaka, magamba yake yameisha, inanyonya rangi yoyote inayopita. Blanketi la pamba usiku, sawa. Bandeji za miguu, sawa. Ila kuhusu bandeji ngoja niwaambie kisa.

Kijana mmoja, bidii yake hakuna mfano, usiku wa kuamkia mashindano aliosha miguu minne ya farasi mpaka ikawa kama pamba. Akaona hii siwezi kuacha ichafuke. Akachukua bandeji mpya, mpya kabisa, za rangi nyekundu, bosi alikuwa ameleta juzi, hazijawahi kuguswa na maji. Akazifunga juu ya miguu mibichi. Asubuhi saa kumi na moja anafungua, miguu ni ya pinki! Yote minne! Farasi amevaa soksi za kwenda harusi. Akasugua, akaweka sabuni, akaweka siki, pinki inakubali kupungua lakini haikubali kuondoka. Walipaka chaki ya kutosha, wakaingia uwanjani na kila akiruka moshi mweupe unatoka, nafikiri mlishaona. Sasa pale kosa si bidii. Rangi mpya na maji haviaminiki juu ya farasi mweupe, ni hivyo tu. Bandeji mpya ifuliwe kwanza, na mguu ukauke kabisa kabla ya kufungwa. Hatamu mpya ya ngozi ya kahawia nayo ikilowa jasho inaacha mstari shingoni, kitambaa kipya cha chini ya tandiko kikiwa buluu au kijani kinafanya vilevile. Siku ya shoo si siku ya kuzindua vitu vipya.

Haya, kuosha. Najua mlikuja kwa hii.

Kwanza udongo. Sisi hapa Karen, Langata, Limuru tuna udongo mwekundu, una chuma ndani, ndiyo ile rangi. Farasi akija kutoka padoki amebingirika, matope bado mabichi, usimwagie maji. Narudia, usimwagie maji! Ukiweka maji unaushusha ule udongo laini mpaka kwa ngozi na unakaa huko. Acha ukauke, hata kama roho inakuuma. Ukikauka chukua ile brashi ya raba ya mduara, zungusha, inapasuka yote inakuwa vumbi, halafu brashi ngumu, halafu laini. Ukimaliza hapo umeshatoa nusu ya kazi bila tone la maji. Wale wa kule kwenye udongo mweusi wa pamba nanyi ni hivyo hivyo, ila wenu unashika zaidi kwa nywele za nyuma ya kwato, pole sana.

Siku gani ya kuosha? Siku moja kabla, mchana, jua likiwa juu. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, baridi ya alfajiri mnaijua, na farasi mbichi saa kumi na moja asubuhi anatetemeka na misuli inakaza, halafu masaa manne baadaye unataka aruke. Kuosha mwili mzima alfajiri ya shoo mimi napinga, na nitapinga hata kama bosi yuko hapa.

Maji ya uvuguvugu. Shampuu ya farasi ya kawaida kwanza, mwili wote, vidole viingie ndani, usipitishe juu juu, halafu suuza. Hapo ndipo ile ya zambarau inaingia, na muielewe inafanya nini. Haitoi doa! Zambarau na manjano zikikutana jicho linaona kama zimefutana, basi. Ni hesabu ya rangi. Ndiyo ile kazi buluu ya nguo ilikuwa inafanya kwa mashati meupe ya baba zetu. Kwa hiyo kama mavi bado yako kwa nywele, unapaka zambarau juu ya mavi, utapata rangi ambayo sijui tuiiteje. Toa uchafu kwanza, kisha paka zambarau palipobaki njano peke yake, goti la nyuma, ubavu, mkia, uache dakika tano, kumi ukizidi sana, na usiende kujibu simu. Maana ukirudi baada ya nusu saa utakuwa na farasi wa lavenda, na hiyo nayo haitoki kwa siku moja.

Suuza mpaka maji yanayotoka chini ya tumbo yawe maangavu. Halafu suuza tena. Sabuni iliyobaki ndiyo mwanzo wa doa la kesho, inanata vumbi, na inawasha. Maji ya mwisho weka siki nyeupe, mimi natia kikombe kimoja kwa ndoo ya lita kumi, mbali na macho na mbali na kidonda. Siki ni asidi kidogo, mkojo na sabuni ni upande ule mwingine, inarudisha yale magamba yalale chini, na nywele ikilala inang'aa yenyewe. Kamua maji, kausha na taulo, mtembeze kwa jua, akikauka ndio blanketi. Ile spray ya kuteleza, yenye silikoni, weka kwa mkia na magoti ya nyuma, mavi hayashiki kirahisi. Kwa mgongo usiweke. Tandiko litateleza na raida ataanguka na hapo hakuna mtu ataangalia weupe.

Lakini msifanye hivi kila siku. Kuna masaisi wanaosha farasi wa kijivu kila siku kama sahani, halafu wanashangaa anashika uchafu zaidi. Mafuta ya ngozi yako pale kwa sababu, ukiyaosha yote nywele inakauka, magamba yanasimama, rangi inaingia. Na ngozi ikikaa na unyevu wakati wote kuna mdudu anaitwa Dermatophilus congolensis, alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kule Kongo kwa ng'ombe, ndiyo jina lilitoka hapo, huyo anapenda ngozi imelowa ikawa laini. Anakuletea magamba na vidonda mgongoni na miguuni, msimu wa mvua ndefu mmemuona sana. Brashi kila siku, ndiyo. Maji ya mwili mzima, mara chache.

Sasa niseme juu ya kitu ambacho nikikiona kwa stebo napandwa na hasira. Jiki. Jiki ya kufulia nguo. Kuna mahali niliona saisi amebanwa na wakati, shoo ni kesho, doa halitoki, akamwaga jiki kwa ndoo na kuanza kusugua doa la mkojo ndani ya chumba kilichofungwa. Mnajua jiki ikikutana na amonia inatoa nini? Inatoa gesi ya sumu, inachoma koo na mapafu. Saisi alitoka nje anakohoa machozi yanatiririka, farasi naye ndani anapiga mlango. Tulimtoa. Doa je? Lilipauka, ndiyo, halafu siku chache baadaye nywele zikakatika pale zote na ngozi ikabambuka, na ilikuwa karibu na pale mkanda wa tandiko unapita, kwa hiyo farasi hakupandwa kitambo kirefu. Shoo alikosa, na iliyofuata pia. Jiki, hapana. Sabuni ya unga ya nguo, hapana. Petroli, kuna mtu aliniuliza, hapana, na tafadhali usiniulize tena.

Na hata dawa za kupaka za kawaida, soma chupa. Kwa mashindano ya kimataifa farasi anapimwa, na kilicho kwa ngozi kinaingia kwa damu. Olimpiki ya 2008, farasi walirukia Hong Kong, farasi wanne wa kuruka walikutwa na kapsaisini, ile kitu ya pilipili, na iko ndani ya krimu kadhaa za kuchua misuli ambazo ziko madukani. Kwa hiyo ukiona chupa imeandikwa inapasha joto, usipake ati kwa sababu jirani alipaka. Uliza daktari. Na nikiwa hapo hapo kwa sheria, wale mnaopenda kunyoa ndevu za mdomo wa farasi aonekane nadhifu, FEI, chama cha dunia cha michezo ya farasi, ilikataza kuanzia Julai 2021, zile ndevu ni za kuhisi, ziacheni.

Asubuhi ya shoo sasa. Kama usiku ulifanya kazi yako, asubuhi ni kitu kidogo. Chukua taulo, litie kwa maji ya moto, likamue mpaka lisidondoke, lifunike juu ya doa ukihesabu pole pole, halafu sugua kufuata nywele zinavyolala. Mvuke unalegeza. Doa la majani lile la kijani, maji peke yake hayafai, weka spiriti kidogo kwa kitambaa, ile rangi ya majani inayeyuka kwa spiriti, lakini si karibu na macho, si chini ya mkia, si mahali amechubuka, na hakuna anayevuta sigara hapo. Pakikauka kabisa, na nasema kabisa, ndio konflawa au chaki. Ukiweka kwa nywele mbichi unatengeneza uji. Paka, piga brashi itoke, maana koti jeusi la raida litakuonyesha kama hukutoa.

La mwisho si la urembo. Mkiwa mnaosha chini ya mkia, vidole vyenu vipite polepole. Farasi wa kijivu ana uvimbe wake, melanoma, weusi mgumu kama gololi chini ya ngozi, na wale waliopita miaka 15 wengi wao wanao, wataalamu wanasema hata 80 kwa mia. Wengi wanaishi nao bila shida, lakini wengine wanakua mpaka mavi yanapita kwa taabu. Dada mmoja, yuko hapa leo lakini hataki nimtaje, alikuwa anatoa njano kwa mkia wa farasi mzee akahisi kitu kidogo hakikuwepo mwezi uliopita. Hakunyamaza. Alimwambia bosi, daktari akaja, akapima, akaandika ukubwa, na sasa kinaangaliwa kila mara. Daktari alimuuliza yeye, si bosi, kwamba kimekuwepo tangu lini. Nani mwingine angejua? Nani mwingine anagusa hapo?

Haya, maneno yametosha. Kuna jike wa kijivu hapo nje, mwenyewe ameruhusu, tangu asubuhi hajaguswa na upande wa kushoto amevaa mavi kutoka ubavuni mpaka goti. Watu wa mbele shikeni ndoo mbili, moja iwe ya moto. Taulo ziko kwa kile kikapu. Mabosi, aproni zimebaki mbili.